Kabla Hujauliza Amepata Ngapi

Mpwa wangu alikuwa ameinamia daftari la hesabu. Swali: 52 toa 38. Jibu lake, kwa mwandiko safi kabisa, lilikuwa 26. Nikamwambia, "Hapana, rudia." Akafuta, akarudia, akaandika 26. Nikamwambia arudie tena, safari hii sauti yangu ikiwa imepanda. Akafuta mpaka karatasi ikaanza kutoboka, akaandika 26, kisha akaniangalia machozi yakimlengalenga.

Ndipo nilipomwambia nilichopaswa kumwambia tangu mwanzo: "Hebu nionyeshe unavyofanya." Akaweka kidole kwenye 8 na 2. "Nane toa mbili, sita." Kidole kikahamia kushoto. "Tano toa tatu, mbili." Ishirini na sita. Mtoto hakuwa mzembe wala hakuwa amesahau. Alikuwa na kanuni yake kichwani, kwamba katika kila safu unatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, na aliifuata kwa uaminifu mara tatu mfululizo. Mimi, kwa kumwambia "rudia", nilikuwa namfanyisha mazoezi ya kukosea.

Kosa hilo lina historia yake. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchambuzi wa makosa ya watoto katika kutoa. Walionyesha kwamba mengi ya makosa tunayoyaita uzembe hutokana na hatua zinazofuatwa kwa utaratibu ule ule kila mara, ila hatua moja ndani yake imeharibika. Hili la kutoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu ni mojawapo. Mwalimu mzoefu hulitambua kwa kutupia jicho tu.

Sasa, ripoti ya muhula ya mtoto huyu tulikuwa tumeisoma wiki mbili kabla. Hisabati, 64. Tulimpongeza, tukaikunja, tukaiweka kabatini. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ndani ya ile 64 kulikuwa na mtoto asiyeweza kutoa namba za tarakimu mbili pale panapohitaji kukopa.

Nimeishi na jambo hili muda mrefu, kwanza darasani na sasa upande wa pili wa meza, na msimamo wangu ni huu. Wazazi wengi wanaolaumiwa kwamba hawafuatilii masomo hawajakosa upendo wala bidii. Wamekosa habari moja: mtoto wa darasa hili anatakiwa aweze kufanya nini? Wanajua amepata ngapi. Wanajua amekuwa wa ngapi. Wanajua kikao cha wazazi ni lini. Lakini hilo la kuweza, ambalo ndilo shule yote imejengwa juu yake, hawajaambiwa kwa lugha ambayo wanaweza kuitumia jioni wakiwa nyumbani na mtoto.

Neno "kiwango" lenyewe limechoka. Tunasema shule fulani ina kiwango, au mtoto kiwango chake kimeshuka, na hapo tunazungumzia ubora kwa jumla. Katika mtaala neno hili lina maana nyembamba zaidi: ni sentensi inayosema mwanafunzi awe anaweza kufanya nini afikapo mwisho wa kipindi fulani. Nchi moja huita sentensi hizo viwango, nyingine huziita matokeo ya ujifunzaji, nyingine umahiri. Majina yanatofautiana, kazi ni ile ile. Kiwango hakisemi kitumike kitabu gani. Hakisemi mwalimu afundishe kwa njia ipi. Na mtihani si kiwango. Mtihani hupima sehemu tu ya yale yaliyoandikwa.

Viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2010, vinavyojulikana kama Common Core, vinasema kwamba mtoto akimaliza darasa la 2 awe anajua kwa kichwa majibu yote ya kujumlisha namba mbili za tarakimu moja, na akimaliza la 3 awe anajua kwa kichwa majibu yote ya kuzidisha namba za aina hiyo. Unaweza kukubaliana na ratiba hiyo au kuipinga. Ila mzazi aliyeisoma sentensi hiyo anajua la kufanya wakiwa njiani na mtoto: "Saba mara nane?" Hahitaji kitabu, hahitaji semina.

Ukichunguza, moyo wa sentensi kama hiyo ni kitenzi. Mwaka 1956 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walipanga malengo ya elimu katika ngazi 6 na kuzipa majina: maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi, tathmini. Mwaka 2001 Lorin Anderson, aliyekuwa mwanafunzi wa Bloom, pamoja na David Krathwohl, mmoja wa wale walioandika toleo la kwanza, waliongoza kazi ya kuzipitia upya ngazi hizo. Badiliko lao mojawapo lilikuwa la kisarufi: nomino zikawa vitenzi. Kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Kwangu badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Maarifa ni kitu ambacho mtoto anadhaniwa anacho. Kukumbuka ni tendo, na tendo unaweza kuliona likifanyika mbele yako.

Kwa hiyo mzazi akipewa karatasi ya mada za muhula, atafute kitenzi. Kutaja ni jambo moja, kueleza ni jingine kabisa. Mtoto anayetakiwa kutaja sehemu za mmea, akizitaja amefika. Anayetakiwa kueleza kwa nini mmea uliofungiwa gizani hugeuka njano hajafika, hata akizitaja sehemu zote bila kuvuta pumzi. Yale malalamiko ya "nilimfundisha mwenyewe jana usiku, alijua kila kitu, mbona amefeli?" mara nyingi yanazaliwa hapo. Mzazi alisimamia kukumbuka. Karatasi ya mtihani ilidai kuchambua. Wote wawili, mzazi na mtoto, walikesha kwa bidii ya kweli kwenye kitenzi kisichoulizwa.

Turudi kwenye alama, maana ndizo zinazofika nyumbani. Zina matatizo mawili ambayo sioni yakizungumzwa vya kutosha. La kwanza ni wastani. Mpwa wangu alipata karibu maswali yote ya maumbo, kujumlisha alikuwa sawa, vipimo alijitahidi, kutoa kwa kukopa hakupata kitu. Ukivichanganya vyote inatoka 64, namba isiyoeleza hata kimoja kati ya hivyo. Mtoto mwingine anaweza kupata 64 hiyo hiyo akiwa hodari wa kutoa na hajui pembe ni nini. Wazazi wao wawili watapewa ushauri mmoja: aongeze bidii.

La pili ni nafasi. Mwaka 1963 mwanasaikolojia Robert Glaser alitenganisha aina mbili za kupima: kumlinganisha mwanafunzi na wenzake, na kumlinganisha na jambo lililokusudiwa alijue. Tofauti hiyo ingebandikwa kwenye kila ukumbi wa kikao cha wazazi ningefurahi. Mtoto wa 3 kati ya 40, katika darasa ambalo karibu hakuna anayeelewa anachosoma, huenda naye haelewi anachosoma. Na mtoto wa 30 katika darasa ambalo wote wamefika, amefika. Huyu wa pili ndiye anayeniumiza zaidi. Anarudi nyumbani akiwa amefanya kila alichotakiwa kufanya, kisha anapokewa kama mtu aliyeaibisha ukoo.

Kwamba wazazi hawajui watoto wao wamesimama wapi si dhana tu. Mwanauchumi Rebecca Dizon-Ross alifanya utafiti nchini Malawi, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la American Economic Review. Aliwauliza wazazi watoto wao wanaendeleaje shuleni, akalinganisha majibu yao na matokeo yenyewe. Pengo lilikuwa kubwa, na kubwa zaidi kwa wazazi wenye elimu ndogo. Kisha baadhi ya wazazi wakapewa matokeo ya watoto wao kwa namna iliyo wazi, wakaelezwa yanamaanisha nini. Wakabadili maamuzi yao, mpaka kwenye kuchagua vitabu vya mazoezi vinavyolingana na uwezo halisi wa mtoto. Upendo wao kwa watoto ulikuwa ule ule wa jana. Kilichoongezeka ni habari.

Ningeambiwa nichague jambo moja tu ambalo kila mzazi alipime mwenyewe nyumbani, ningechagua kusoma, na ningemwomba asidanganywe na sauti nzuri. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza maelezo mepesi ya ufahamu wa kusoma: ni kuyatambua maneno yaliyoandikwa, mara kuielewa lugha yenyewe. Walisema mara, hawakusema jumlisha. Na kwenye kuzidisha, upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe mkubwa kiasi gani. Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama, na asijue ukurasa huo umesema nini.

Msichana mmoja wa darasa la 4 aliwahi kunisomea aya kuhusu mvulana aliyepoteza ufunguo akaogopa kurudi nyumbani. Alisoma vizuri, akipumzika kwenye kila nukta. Nikamuuliza, "Kwa nini aliogopa?" Akanitazama, akarudi kwenye kitabu, akanisomea sentensi ya kwanza upya, kwa sauti ile ile nzuri. Nikauliza tena, polepole. Akanisomea sentensi ya pili. Alidhani ndicho ninachotaka, kusomewa. Mama yake, aliyekuwa amekaa kando, akasema kwa mshangao, "Lakini anasoma!" Na alikuwa sahihi kwa upande mmoja wa ile hesabu ya Gough na Tunmer. Huo upande wa pili hakuna aliyewahi kumwomba mtoto auonyeshe.

Watoto wa namna hii ni wengi mno. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilianza kutumia kipimo ilichokiita umaskini wa kujifunza: hali ya mtoto kufika miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Kwa nchi za kipato cha chini na cha kati makadirio yalikuwa asilimia 53. Mwaka 2022, baada ya shule kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, makadirio yalipanda kufikia asilimia 70. Wengi wa watoto hao wamo shuleni. Wana madaftari, wanaitwa majina kila asubuhi, wanavuka darasa.

Kipimo chenyewe hakizidi dakika 5. Chukua kitabu cha darasa lake, usichukue hadithi aliyoisoma mara 10 akaikariri. Asome nusu ukurasa. Funga kitabu. Mwambie akusimulie kwa maneno yake, na umwache asitesite, usimsaidie haraka. Kisha muulize swali moja ambalo jibu lake halikuandikwa waziwazi: unadhani kesho yake alifanya nini? Akijibu kwa kukumbuka alichosoma, mko salama hata kama sauti yake inakwamakwama. Akinyamaza, umepata jambo la kumpelekea mwalimu, na lina thamani kuliko swali la "anaendeleaje?"

Sasa ule ugomvi wa jioni, wa mzazi na mtoto juu ya njia. Mzazi alifundishwa kukopa: 2 haiwezi kutoa 8, kopa kwa jirani, 5 inabaki 4, 2 inakuwa 12. Mtoto anakuja na mstari uliochorwa namba, anaruka: kutoka 38 mpaka 40 ni 2, kutoka 40 mpaka 52 ni 12, jumla 14. Mzazi anaona watoto wanavurugwa akili. Anafuta mstari, anamwonyesha njia "ya kweli". Kesho yake mtoto anaulizwa na mwalimu mstari uko wapi, na tangu siku hiyo anaanza kuficha daftari, kwa sababu amejikuta katikati ya watu wazima wawili anaowaheshimu.

Ugomvi huu umewahi kutikisa nchi nzima. Baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha Sputnik mwaka 1957, Marekani iliharakisha kubadili ufundishaji wa hesabu, na katika miaka ya 1960 watoto wakaanza kurudi nyumbani na seti na namba zisizohesabiwa kwa makumi. Wazazi, wakiwamo wenye digrii, walishindwa kusaidia kazi za darasa la chini. Baadhi ya shule zikafungua madarasa ya jioni kwa wazazi. Nusu karne baadaye Common Core iliamsha hasira za aina hiyo hiyo. Ninachokiona katika visa vyote viwili ni kwamba mabadiliko yaliwafikia wazazi mwishoni kabisa, yakiwa ndani ya begi la mtoto, bila maelezo.

Hebu zitazame njia hizo mbili kwa utulivu. Anayekopa anaigeuza 52 kuwa 40 na 12. Anayeruka anatua kwenye 40, kisha anavuka 12. Ni 40 na 12 zile zile. Mzazi akiliona hilo mara moja, hasira inapoa, na anaweza kusema maneno ambayo nayaona ni dhahabu: "Mimi nilifundishwa hivi, wewe umefundishwa vile. Nieleze ya kwako, kisha tuone kama tunafika mahali pamoja." Hapo mtoto anaeleza, na kueleza ndicho kitenzi cha juu kuliko kupata jibu.

Nasisitiza hili kwa sababu msaada wenyewe unaweza kudhuru. Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa darasa la 1 na la 2 nchini Marekani. Watoto ambao wazazi wao wanaogopa hesabu walijifunza hesabu kidogo zaidi kwa mwaka ule, nao wakaanza kuiogopa. Lakini hali hiyo ilijitokeza pale tu ambapo wazazi hao walisema wanawasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani. Wazazi wenye hofu ile ile ambao hawakuwa wakisaidia sana, hofu yao haikuambukiza. Sisomi hapo kwamba mzazi ajitoe. Nasoma kwamba mzazi aliyejeruhiwa na hesabu akiwa mdogo asijilazimishe kuwa mwalimu wa hesabu, na asitamke mbele ya mtoto kwamba familia yetu hesabu hatuziwezi.

Anachoweza kukisimamia bila hofu ni mahali na wakati. Uchambuzi wa Erika Patall, Harris Cooper na Jorgianne Robinson wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi kuhusu wazazi na kazi za nyumbani, ulikuta kwamba kuweka utaratibu wa lini na wapi kazi ifanyike kulienda pamoja na ufaulu kuliko aina nyingine za kusaidia. Cooper huyo huyo anajulikana kwa kupendekeza kipimo cha dakika 10 kwa kila darasa: la 1 dakika 10, la 4 dakika 40. Mtoto wa darasa la 2 anayelia saa nzima juu ya daftari hajifunzi tena. Funga daftari, andika pembeni "tuliishia hapa, hajaelewa", mwachie mwalimu. Sentensi hiyo ni msaada mkubwa kwa mwalimu kuliko kurasa mbili zilizojaa mwandiko wa mzazi.

Kuhusu kurudia masomo, wengi tunamwambia mtoto "soma tena". Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha maandishi. Wengine walikisoma mara mbili, wengine walikisoma mara moja kisha wakajaribu kuandika wanachokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Mtihani hauji dakika 5 baada ya kusoma. Kwa hiyo "funga kitabu, niambie" ni kazi halisi ya kufundisha, na haimtaki mzazi awe anajua somo. Inamtaka asikilize.

Wala haimtaki ajue lugha ya shule. Nawaona wazazi wakiiacha lugha wanayoimudu, wakizungumza na mtoto kwa maneno machache ya kuokotaokota ya lugha ya darasani, wakidhani wanamsaidia. Jim Cummins wa Kanada alieleza mwaka 1979 kwamba lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kufikiri masomo ni vitu viwili, na kwamba uelewa uliojengwa katika lugha moja huisaidia nyingine. Mtoto aliyeelewa kwa lugha ya nyumbani kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo, ingawa 4 ni kubwa kuliko 3, anachohitaji darasani ni jina tu. Aliyeambiwa jina bila kuelewa bado hana kitu. Zungumza na mwanao kwa lugha unayoweza kubishania, kusimulia, na kuulizia "kwa nini" mara tatu mfululizo.

Nimesema mengi kwa wazazi, na mzigo mkubwa zaidi haupo kwao. Upo shuleni na kwenye ofisi zinazoandika mitaala. Sentensi kama "mwanafunzi amudu matumizi ya mikakati ya ufahamu katika matini za kisimulizi" iliandikwa ili mkaguzi airidhie. Kwa mzazi ingeandikwa: "Akimaliza kusoma hadithi, aweze kukueleza nani alifanya nini, na kwa nini." Hakuna kilichopotea hapo. Badala ya "atumie thamani ya nafasi katika matendo ya kihisabati", andika: "Aweze kukuonyesha kwa vijiti kwa nini 52 ni makumi matano na mbili, na kwa nini inaweza pia kuwa makumi manne na kumi na mbili." Ukurasa mmoja kwa muhula unatosha, somo la kusoma na la hesabu kwanza, mengine yafuate.

Na karatasi peke yake haitoshi. Shule zilipofungwa mwaka 2020, Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walijaribu nchini Botswana kuwafikia wazazi kwa simu. Familia nyingine zilipata ujumbe mfupi wa maandishi kila wiki, wenye maswali machache ya hesabu. Nyingine zilipata ujumbe huo pamoja na kupigiwa simu fupi ya kumwelekeza mzazi na mtoto. Waliopata ujumbe na simu, watoto wao waliimarika katika hesabu kwa kiasi kilichoonekana wazi. Ujumbe peke yake haukufua dafu. Sauti ya mtu anayeuliza "ameshindwa wapi?" ilifanya kazi ambayo maandishi hayakuifanya.

Kuna shule zitasema walimu wamelemewa, na ni kweli, darasa la watoto 60 si mchezo. Lakini habari ninayoidai mwalimu tayari anayo. Tulipokwenda kumwona mwalimu wa mpwa wangu, mimi na dada yangu, hatukuuliza anaendeleaje. Dada yangu alisema, "Mwalimu, kutoa kwa kukopa hajaweza. Kuna kingine hajaweza?" Mwalimu akamtazama kidogo, kisha akavuta droo, akatoa daftari lake mwenyewe, lile wasilolionyesha wazazi. Alikuwa amelichora kwa rula. Majina ya watoto yalishuka upande wa kushoto, juu kukaandikwa stadi moja moja: kuhesabu kwa makumi, kujumlisha kwa kubeba, kutoa bila kukopa, kutoa kwa kukopa, maumbo, vipimo, kusoma saa. Ndani ya kila kisanduku, alama ya vema au nukta. Mbele ya jina la mpwa wangu nukta zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa kwenye kusoma saa.

Yote yalikuwemo humo kwa muhula mzima, mita chache kutoka kwenye ripoti iliyokuwa na kisanduku kimoja cha kuandika namba moja. Mwalimu akasema fomu ndivyo ilivyo, haina nafasi. Dada yangu akaomba kalamu, akaigeuza ripoti, akaandika nyuma yake: kutoa kwa kukopa, bado, kusoma saa, bado.

Jioni ile tukamwaga vijiti mezani, tukavifunga kwa uzi kumi kumi. Mafungu matano na vijiti viwili. Nikamwambia mpwa wangu anipe 38. Akanipa mafungu matatu haraka haraka, kisha akataka kunipa vinane. Akaviangalia viwili vilivyobaki peke yake, akavigusa kwa kidole. Nilijizuia kusema neno, na mama yake akajizuia. Akayaangalia mafungu mawili yaliyosalia. Akaniangalia mimi, kama anayeomba ruhusa ya kufanya jambo ambalo huenda limekatazwa. Kisha akachukua fungu moja, akaanza kufungua uzi.